Lugha ya gemu la zamani hubadilishwa kwa kiraka, si kwa kununua gemu jingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona ni la watoto, ilhali linawatoa watu fedha mifukoni bila sababu, nalo ni namna ya kubadili lugha ya gemu la zamani la kompyuta ili lisomeke kwa Kiingereza. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Tanga, na vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu ni vya mtumba: kompyuta zilizotumika Ujerumani au Uholanzi, laptopu zilizopitia Dubai, na mara mojamoja mashine za gemu zilizotoka Japani moja kwa moja. Vifaa hivyo huja na mali za wenyewe wa kwanza zikiwa bado ndani. Mzazi hununua kompyuta kwa ajili ya masomo, mtoto akagundua humo gemu la magari, akalifungua, akakuta kila neno ni la Kijerumani, na hapo safari ya kutafuta fundi ikaanza.

Wapo mafundi, na sitamtaja hata mmoja, ambao jibu lao kwa mteja wa namna hiyo halibadiliki: gemu hilo haliwezekani, bora ununue flashi yenye gemu hilohilo "lililokwisha kutafsiriwa". Hoja yangu, Mhariri, ni kwamba jibu hilo kwa sehemu kubwa ni la uongo, na pale linapokuwa na chembe ya ukweli bado linamwelekeza mteja pabaya. Lugha ya gemu la zamani hubadilishwa kwa marekebisho madogo ndani ya gemu ambalo mtu tayari analo, ama kwa kugeuza mpangilio uliomo, ama kwa kupachika kiraka, yaani faili dogo la marekebisho, kilichotengenezwa na watu wanaolijua gemu hilo. Anayekuuzia gemu zima upya kwa kisingizio cha lugha anakuuzia nakala ya wizi, na mara nyingi pamoja na vitu vingine ambavyo hukuviomba.

Nitoe mfano mmoja uliopita mikononi mwangu. Kijana aliniletea kompyuta iliyokuwa ikijifungulia kurasa za kamari kila baada ya dakika chache, tangu siku alipowekewa Grand Theft Auto: San Andreas "ya Kiingereza" kutoka kwenye flashi ya dukani. (Kama gemu hilo linafaa kwa umri wake ni suala la wazazi wake, nami sikuulizwa.) Gemu lenyewe lilikuwa likifunguka kwa Kirusi. Kwenye orodha ya lugha Kiingereza kilionekana kimechaguliwa, na kijana alikuwa amekichagua tena na tena pasipo mafanikio. Nilipoingia kwenye folda iitwayo text, ambamo gemu hilo huhifadhi maandishi yake katika mafaili yenye majina kama american.gxt, french.gxt na german.gxt, nilikuta american.gxt ipo mahali pake, ila maneno yaliyomo ndani ni ya Kirusi: aliyelichakachua gemu hilo huko lilikotoka alikuwa ameandika juu ya Kiingereza na kuliacha jina la faili lilelile, ili programu ilisome bila kushtuka. Dawa ilikuwa kurudisha faili moja kutoka kwenye diski halisi. Kilichokula mchana mzima ni kusafisha virusi.

Magemu mengi ya kompyuta yaliyouzwa Ulaya na Marekani tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 yalibeba lugha kadhaa, na mtumiaji aliulizwa anataka ipi wakati wa kuliweka gemu kwenye kompyuta. Chukua Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005. Ukishamaliza kuiweka, chaguo lako huandikwa kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, na kukaa huko. Fundi anatakiwa afungue programu ya regedit, atafute jina la gemu hilo chini ya tawi la SOFTWARE, kisha abadili pale palipotajwa lugha. Kwenye Windows ya biti 64 kumbukumbu hiyo haikai mahali pa kawaida bali chini ya tawi liitwalo Wow6432Node, kwa kuwa gemu ni la biti 32, na nina shaka kubwa kwamba baadhi ya wanaotangaza kuwa "haiwezekani" waliangalia lile tawi la kwanza, wakakosa, wakafunga kompyuta. Age of Empires II ya mwaka 1999 ni rahisi zaidi: maneno ya kwenye skrini yamewekwa nje ya programu kuu, katika faili liitwalo language.dll, na faili hilo likibadilishwa lugha nayo hubadilika, isipokuwa sauti za wasimuliaji, ambazo huhifadhiwa kwingine na hubaki zilivyokuwa. Kwa kazi za aina hii namtoza mteja bei ya soda, na hata hiyo naona ni nyingi.

Kuna pia tatizo ambalo watu hulidhania kuwa la lugha na silo. Gemu la zamani la Kijapani au la Kirusi likifunguliwa kwenye Windows iliyopangwa kwa matumizi yetu huonyesha alama za ajabuajabu zisizo za lugha yoyote, kwa sababu Windows inazisoma namba za herufi hizo kwa jedwali la Ulaya Magharibi. Hata baada ya kupachikwa kiraka cha Kiingereza, gemu jingine hukataa kabisa kufunguka mpaka ule mpangilio wa programu zisizotumia Unicode (jedwali moja la namba za herufi za lugha zote), ulio katika sehemu ya Region ndani ya Control Panel, ugeuzwe kuwa wa Kijapani. Hofu ya wateja kwamba Windows yao yote itageuka kuwa ya Kijapani haina msingi. Menyu zao zitabaki vilevile.

Yanabaki sasa yale magemu ambayo Kiingereza hakimo kabisa, si kwenye diski wala kwenye katriji (kile kijisanduku cha gemu kinachochomekwa kwenye mashine), na mengi ya hayo ni ya Kijapani. Kizazi changu kina uzoefu nayo kuliko kinavyodhani. Winning Eleven ya Konami, ambayo baadaye Ulaya iliuzwa kwa jina la Pro Evolution Soccer, tuliicheza vibandani ikiwa ya Kijapani, na vijana wasiojua alama hata moja ya lugha hiyo walijua mstari upi ni wa ligi na upi ni wa kubadili mchezaji, kwa kukariri tu. Lakini mpira una sheria zinazojulikana dunia nzima. Gemu la hadithi, lile ambalo mchezaji huingia kijijini, akazungumza na wazee, akaambiwa ufunguo uko wapi na nani asiaminiwe, halikaririki, na asiyejua lugha yake huishia lango la kwanza.

Huko ndiko walikojitokeza watu wa kujitolea, na kazi yao inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu asiyeijua ndiye anayedanganyika kirahisi. Gemu la Super Famicom, mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1990, limo ndani ya katriji ambayo mara nyingi nafasi yake haizidi megabaiti nne. Maandishi humo hayakupangwa kama barua uliyoiandika kwenye kompyuta. Kila alama ina namba yake ambayo watengenezaji walijipangia wenyewe, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta namba ya kila alama na kuandika jedwali lake. Tena kila sentensi ina anwani, yaani namba inayoiambia programu sentensi hiyo inaanzia wapi. Kijapani hutosheka na alama moja au mbili mahali ambapo Kiingereza huhitaji herufi tano au kumi, na sentensi moja ikirefuka zote zilizo nyuma yake husukumwa mbele, anwani zao zikawa si sahihi tena, na lazima zihesabiwe upya moja baada ya nyingine. Kisha kuna umbo la herufi zenyewe: alama za Kijapani zina upana mmoja, wakati i na m za Kilatini hazilingani hata kidogo, na gemu likiachwa liziandike kwa upana mmoja maneno huonekana yametawanyika na hayaenei kwenye kisanduku chake. Anayetaka kazi safi hulazimika kukiandika upya kile kipande cha programu kinachochora herufi, katika lugha ya mashine, bila kuona hata ukurasa mmoja wa msimbo ulioandikwa na wenye gemu. Kutafsiri hadithi, jambo ambalo watu hudhani ndiyo kazi yote, huja baada ya hapo.

Kwa njia hiyo kikundi kilichojiita RPGe kiliitoa Final Fantasy V kwa Kiingereza kabla ya mwaka 1999. Gemu hilo lilikuwa limetoka Japani mwaka 1992, na toleo rasmi la Kiingereza lilikuja mwaka 1999. Seiken Densetsu 3 ya mwaka 1995 ilipata kiraka chake mwaka 2000, ikapata Kiingereza rasmi mwaka 2019, kwa maana kwamba mtoto aliyekuwa na miaka kumi gemu lilipotoka angelisubiri hadi afikishe miaka thelathini na minne. Mother 3, iliyoandikwa na Shigesato Itoi na kuuzwa Japani kuanzia Aprili 2006 kwa ajili ya Game Boy Advance, haikutolewa rasmi kwa Kiingereza, na hata Nintendo ilipoirudisha kwa wateja wa Japani mwaka 2024 ilikuwa bado ya Kijapani. Kiingereza chake kipo kwa sababu kundi lililoongozwa na Clyde Mandelin, ambaye kutafsiri ndiyo kazi yake ya kila siku, lilikaa nalo takriban miaka miwili na kutoa kiraka Oktoba 2008. Mandelin alikwenda mbali zaidi akasema hadharani kwamba yuko tayari kuipa Nintendo kazi hiyo bure.

Nimelitumia neno kiraka makusudi, kwa sababu ndicho kitu ambacho msomaji anapaswa kukidai. Watu hawa hawagawi gemu. Wanachogawa ni faili dogo lenye tofauti peke yake, yaani mahali pa kubadili na kinachowekwa hapo, na faili hilo halina faida yoyote kwa mtu asiye na gemu lenyewe. Aina ya zamani zaidi inayotumika sana huitwa IPS, na yeyote anaweza kuikagua: ukilifungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti, utakuta linaanza kwa herufi tano P, A, T, C, H na kumalizika kwa E, O, F, na katikati ni orodha ya anwani, urefu na baiti mpya. Kwa kuwa anwani zake ni za baiti tatu, IPS haifiki zaidi ya megabaiti 16, ndiyo maana Mother 3, ambayo ni ya megabaiti 32, ilitolewa kwa aina nyingine iitwayo UPS. UPS ina adabu zaidi kuliko IPS: kabla ya kugusa chochote hukagua kama gemu ulilonalo ni lile hasa ambalo kiraka kilitengenezewa, na kama silo hukataa. IPS haiulizi, itapachika hata kwenye gemu lisilo lake, nawe utaona matokeo yake baada ya saa tatu za kucheza, skrini inapoganda katikati ya hadithi. Kwa sababu hiyo kiraka hupachikwa kwenye nakala, na gemu la asili huachwa kando bila kuguswa.

Nisieleweke kuwa nasema viraka havina utata wa kisheria. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ni mwanachama wake, inampa mwenye kazi haki ya kuruhusu au kukataza tafsiri, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina msimamo huohuo. Mwenye gemu akikataa, amekataa. Kiraka cha Final Fantasy Type-0 kilitoka Juni 2014 na kuondolewa wiki chache baadaye kwa shinikizo la kisheria kutoka kwa wenye gemu, kampuni ya Square Enix, ambao walitoa Kiingereza chao Machi 2015. Kwa upande mwingine, kikundi cha Geofront kilipotoa mwaka 2020 tafsiri ya Trails from Zero, gemu la Nihon Falcom la mwaka 2010, kampuni ya NIS America iliichukua tafsiri hiyo kwa makubaliano na kuitumia katika toleo rasmi la mwaka 2022. Kampuni haziwezi kuzungumza na mtu aliyebandika gemu lao zima kwenye flashi na kuliuza shilingi elfu tano. Zinaweza kuzungumza, na zimezungumza, na mtu aliyeleta maneno yake mwenyewe na kumwachia mwenye gemu gemu lake.

Vijana watanijibu kwamba siku hizi hakuna haja ya yote haya, kwa kuwa kompyuta inatafsiri yenyewe. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 programu ya RetroArch, inayoendesha magemu ya mashine za zamani, ina huduma inayosimamisha gemu, kusoma maandishi ya skrini kama picha na kuweka tafsiri juu yake. Nimeijaribu, na kwa menyu za gemu la mpira au la magari inatosha kabisa. Kwa gemu la hadithi inachosha, maana kila kisanduku cha maneno ni lazima usimame usubiri, na alama ndogo za mashine za zamani, zilizochorwa kwa nukta chache, husomwa vibaya mara kwa mara, hata jina la mhusika mmoja likatoka kwa sura tatu tofauti ndani ya mazungumzo mamoja. Faida yake ni kwamba inafanya kazi kwa gemu ambalo hakuna aliyewahi kulitengenezea kiraka, na kwa gemu la namna hiyo siwezi kumkataza mtu.

Wapo pia watakaouliza kwa nini nashughulika na Kiingereza katika gazeti la Kiswahili. Jibu la haraka ni kwamba Kiingereza ndicho wateja wanachoomba na ndicho kilichomo ndani ya viraka vingi. Jibu la kifundi linapendeza zaidi: gemu la Kijapani likishafunguliwa kwa Kiingereza, kazi kubwa ya kulifungulia Kiswahili imekwisha kufanywa. Maandishi yetu hutumia herufi za Kilatini zisizo na alama juu wala chini, na kile kikoma cha ng' kimo tayari katika Kiingereza, hivyo hakuna herufi hata moja ya kuchora upya, tofauti na Mfaransa au Mreno anayepaswa kuchora zake kadhaa kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Kinachosumbua ni urefu, kwa sababu kisanduku cha amri kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza hakitoshi kwa "shambulia", na wala hakuna anayetaka kusoma "shambul". Lakini hilo ni suala la nafasi na anwani, lilelile ambalo waliotangulia walilikuta kwenye Kiingereza na kulimaliza. Kwa language.dll ya Age of Empires II hata suala hilo ni dogo, na mwanafunzi wa chuo anayejifunza programu angeweza kuanza nalo likizo hii.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wako wa teknolojia utakapogusa tena magemu na kompyuta za mtumba, uwaambie wasomaji wadai kuonyeshwa faili lililobadilishwa kabla ya kulipa, na wadai lile la zamani libakizwe kwenye folda ya pembeni kwa jina jingine, ili mambo yakiharibika yarudishwe. Wawe na diski au katriji yao wanapokwenda kwa fundi, maana bila hiyo fundi mwaminifu hana pa kuanzia. Mimi niko tayari kuandika maelekezo ya gemu mojamoja kwa lugha nyepesi, bila malipo, iwapo dawati lako litaona yanafaa, na ningeanza na yale ya magari, kwa kuwa ndiyo yanayoletwa zaidi.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Ngamiani, Tanga